Mvua ya Mawe Ndani ya Glasi

Maziwa yalikatika adhuhuri ile ile ambayo Nafuna alikuwa anakuja kunitazama.

Niliyaona yakifanya mabonge ndani ya sufuria, maji ya kijani yakijitenga pembeni, nikasema moyoni, Bwana, kwa nini leo. Nilikuwa nimeyanunua alfajiri kwa Muigai, nikayafunika na kitambaa kibichi, nikayaweka chini karibu na ukuta. Lakini ilikuwa Januari, jua la kuanikia kahawa, na mabati ya kambi yetu ya vibarua pale Ruiru hayakuwa na huruma kwa mtu wala kwa maziwa.

Tausi, jirani yangu wa ukuta mmoja, alichungulia mlangoni akanusa.

"Hayo sasa ni ya kuku," alisema.

"Nitapata wapi mengine saa hii?"

"Kwangu hakuna. Yangu nimeyamalizia kwenye mandazi. Mpe maji."

"Tausi, mtu ametoka Kimilili, amelala kwenye gari la moshi, nimpe maji?"

"Basi mpe uso mzuri. Huo hautakatika." Akaniwekea glasi zake tatu juu ya meza, zile za maua mekundu alizokuwa anazitoa siku ya Idi peke yake, akaenda zake. Mungu ambariki Tausi. Hakuniuliza nitazijaza na nini.

Nafuna alikuwa dada mkubwa wa Erastus Barasa, na Erastus Barasa ndiye aliyetaka kunioa. Mama yao alikufa Barasa akiwa hajaanza kuchunga hata mbuzi, Nafuna akamlea mgongoni mwake, akakataa kuolewa mpaka kijana awe na nguvu ya kushika jembe. Barasa hakunificha. Alikuwa ameniambia tukiwa tumesimama nje ya kanisa, kofia mkononi: "Magdalene, mimi kwa mtu mwingine yeyote naweza kubishana. Dada akisema hapana, sijui kumkatalia."

Nami nilijua Nafuna alikuwa na sababu za kusema hapana. Nilikuwa Mjaluo, si mtu wa kwao. Nilikuwa sina mtoto. Na nilikuwa nimezika mume. Shemeji zangu walitaka nirithiwe kama desturi, nikakataa kwa ajili ya imani yangu, nikabaki Ruiru nikifanya kazi jikoni kwa memsabu, yule Mzungu mwenye shamba. Mwanamke wa namna hiyo, watu humtazama mara mbili.

Nilikuwa bado nimeinamia sufuria niliposikia kengele ya baiskeli.

Barasa aliingia akiwa amelowa mgongo mzima, nusu kwa jasho, nusu kwa maji yaliyokuwa yakitoka kwenye gunia. Alilishika gunia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Dada yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nimempandisha basi pale Thika. Kondakta amekataa gunia linalovuja. Nimewaacha bado wanangoja basi lijae." Akaona sufuria. "Ni nini?"

"Maziwa yamekatika."

Akatazama sufuria, akatazama glasi za Tausi, kisha akanitazama mimi. Barasa alikuwa na tabia ya kukutazama mikono kwanza, ndipo uso. Alipofika kwenye uso hakuwa na haraka ya kuondoka.

"Basi mtengenezee ile yetu," alisema.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ile si chai ya kumpa mkwe."

"Ni chai nzuri kuliko zote nilizokunywa duniani. Na joto hili? Ametoka kwenye vumbi. Magdalene, ajue ninakunywa nini huku."

Ningekataa. Nilijua katika moyo wangu kwamba ningepaswa kukataa. Lakini alisema "ile yetu", na mwanamke aliyekaa muda mrefu bila kitu cha kuitwa "yetu" akilisikia neno hilo, mikono yake huanza kazi kabla akili haijakubali.

Nilichemsha maji, nikaepua, nikatia majani, nikafunika. Chai hii haitaki kuchemshwa na majani yake kama ya kwetu. Nikatia magadi kidogo sana, kiasi cha kushikwa na vidole viwili, ili uchungu uondoke. Sukari nikaitia ikingali moto, maana sukari inataka moto. Ukiitia kwenye baridi inakaa chini kama mchanga wa mto. Kisha nikaimimina kwenye jagi na kuliweka jagi ndani ya karai la maji, ipoe yenyewe. Ukiwa na pupa ukaitupia barafu ikiwa moto, inaingiwa na ukungu, haipendezi macho.

Barasa alichutama mlangoni, akafungua gunia, akapangusa unga wa mbao, akavunja barafu na mgongo wa panga ndani ya kitambaa safi. Alifanya kazi katika kiwanda cha soda kule Thika, kwenye mtambo wa barafu. Ndiko tulikotoka sisi wawili, kwenye barafu.

Maana chai hii niliitengeneza miaka mingi kabla ya kuijua ladha yake. Memsabu alinifundisha, akanipa na sheria yake: ni ya wageni. Siku moja kulikuwa na karamu kubwa, friji yake ya mafuta ya taa haikutosha, wakaleta barafu kwa lori kutoka Thika, na aliyeibeba mpaka jikoni alikuwa mtu mrefu mwenye shati lililofungwa vifungo vyote. Alisimama akanitazama nikiimimina chai ile kwenye majagi.

"Tamu?" akaniuliza.

"Sijui. Ni ya wageni."

"Unaipika na huijui?"

"Kaka, weka barafu uende."

Aliiweka, akaenda. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimekaa mbele ya chumba changu nachambua mchele, nikaona baiskeli inakuja katikati ya mibuni, na gunia nyuma linadondosha maji njia yote. Akashuka. Ndani ya gunia, katika unga wa mbao, kulikuwa kumebaki kipande cha barafu kama ngumi.

"Pika," alisema. "Leo wewe ndiye mgeni."

Tuliinywa tukiwa tumekaa kwenye vigoda viwili, mlango wazi, Tausi akiwa shahidi ili pasiwe na maneno. Nilipoimeza nilifumba macho. Sikumwambia alichonifanyia siku ile. Nilimwambia Mungu, na Mungu alinitunzia.

"Inatosha hiyo?" Barasa aliniuliza sasa, akinionyesha barafu iliyovunjika.

"Inatosha. Nenda kwenye stendi, dada asifike akakosa mtu."

Akainuka. Akafika mlangoni, akarudi, akapangusa unga wa mbao uliokuwa umeshika kwenye nyusi zangu. Aligusa kwa kidole kimoja tu. Akaenda.

*

Nafuna alikuwa mrefu kama ndugu yake, kitambaa cheupe kichwani, vumbi la safari kwenye viatu. Aliinama kupita mlangoni. Alinipa mkono, na badala ya kuuachia akaugeuza, akatazama kiganja.

"Mkono wa kazi," alisema. Sikujua kama ni sifa au ni hesabu.

"Karibu dada. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Kaa kiti hiki, hicho kingine kina mguu mbaya."

Alikaa. Macho yake yalitembea polepole: kitanda na shuka yake, Biblia, kabati, msalaba wa karatasi ya Jumapili ya Matawi. Barasa alibaki amesimama kama mtu anayengoja kuitwa mbele ya mwalimu.

Nikamimina. Rangi ilitoka nyekundu, safi, barafu ikalia ndani ya glasi. Nikapiga goti kidogo, nikampa kwa mikono miwili.

"Dada, tuombee chai."

Nafuna alikuwa ameshaanza kufumba macho. Akayafumbua. Akatazama ndani ya glasi.

"Nitaombeaje kitu nisichokijua? Hii ni nini?"

"Ni chai, dada," Barasa akasema.

"Chai. Maziwa yako wapi?"

"Haitiwi maziwa. Ndivyo ilivyo."

Akagusa glasi kwa mgongo wa kidole, akakiondoa. "Nayo ni baridi." Akaiweka mezani, taratibu, wala hakuisukuma. "Mama, mimi sikujui, sitaki kukukosea. Lakini kwetu chai kavu isiyo na maziwa tunainywa tukiwa tumeketi chini na maiti yuko ndani. Na hata siku hiyo, mtu hupewa ikiwa moto."

Kwetu pia ni hivyo hivyo. Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu nikiwa msichana, na bado nilikuwa nimempa.

"Na haya mawe?" akauliza.

"Ni barafu," Barasa akasema.

"Hiyo mimi naijua, usinifundishe. Ni mvua ya mawe." Sauti yake haikupanda. Ingekuwa afadhali ingepanda. "Ilipiga wimbi yetu ya ugali mwaka ule wewe unaota meno. Ilipiga ikalaza shamba lote, wimbi ikiwa imebakisha kidogo kuvunwa. Mama alisimama mlangoni, mikono kichwani. Tulikula mizizi mwaka mzima. Leo nimetoka Kimilili mpaka hapa nije niwekewe mvua ya mawe ndani ya chai ya matanga. Na mjane."

"Dada, usimwite hivyo."

"Sijamtukana. Nimemwita kwa jina alilo nalo."

"Ana jina lingine."

"Basi nipewe jina hilo kwa adabu, si kwa glasi hii." Akachukua kikapu chake. "Barasa, nipeleke Thika."

Na hapo nikaona jambo nililokuwa naliogopa. Barasa hakusogea, lakini hakusema neno pia. Alimtazama dada yake, akanitazama mimi. Alikuwa ameniambia kweli. Hakujua kumkatalia.

Mimi sikulia. Mwanamke aliyezika mume haangushwi na neno. Nikavuta kile kiti chenye mguu mbaya, nikakikalia kwa uangalifu, nikawa mbele ya uso wake.

"Dada Nafuna, yote uliyosema ni kweli. Kwetu pia chai hiyo ni ya matanga. Nilikuwa nimeweka maziwa, yamekatika. Yako pale, unaweza kuyaona. Ningekupa maji tupu ningekuwa sijakukosea, lakini niliona haya."

Akageuza shingo akatazama sufuria. Alitazama kwa muda. Mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote hadanganywi na maziwa.

"Yamekatika leo?"

"Leo. Adhuhuri."

"Uliyafunika na nini?"

"Kitambaa kibichi."

"Ungeyachemsha kwanza."

"Ningeyachemsha. Nilikuwa nafua shuka unayoiona hapo."

Akatazama shuka. Kikapu bado kilikuwa mkononi, lakini mgongo wake ulikuwa umerudi kwenye kiti.

"Haya, maziwa ni jua," alisema. "Na mvua ya mawe nayo ni jua?"

"Hiyo imetoka Thika kwa baiskeli."

"Baiskeli ya nani?"

Barasa alikohoa.

"Wewe?" Nafuna akamgeukia. "Uliniacha kwenye basi ati una mzigo."

"Ndio huo mzigo."

"Ukatoka Thika, na jua hili, umebeba mvua ya mawe."

"Ndani ya gunia, dada. Na unga wa mbao."

"Na ukafika kabla ya basi."

"Lazima. Ukichelewa inaisha."

Nilimwona Nafuna akitafuta kitu kichwani, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye kibindo.

"Ilikuwa kubwa kiasi gani ukitoka?"

Barasa akaonyesha kwa mikono. "Kama kichwa cha ng'ombe."

"Na ikafika?"

Akanitazama mimi nijibu. "Kama kichwa cha mbuzi," nikasema. "Lakini siku ya kwanza ilifika kama ngumi. Siku hizi inafika kubwa."

"Kwani ni kila siku?"

"Ni Jumamosi. Jumamosi zote, isipokuwa ile aliyokuwa na malaria."

"Hata hiyo nilikuja," Barasa akasema.

"Ulikuja na gunia la maji."

"Lakini nilikuja."

Nafuna aliweka mkono mdomoni. Nilidhani amekasirika. Mabega yake yalianza kutikisika, na sauti ikamtoka puani, akashindwa kuizuia.

"Huyu?" aliniuliza, akimwonyesha ndugu yake kwa kidevu. "Mama, unamjua huyu? Huyu nilikuwa namtuma kisimani asubuhi, anarudi jua linazama, mtungi mtupu, ati aliona ndege. Nimtume moto kwa jirani, moto unazimika njiani. Nyumbani tulimwita Kinyonga. Hajakwambia?"

"Hajaniambia."

"Dada, hiyo si ya kusemwa hapa," Barasa akasema, na masikio yake yalikuwa yamewaka.

"Ni hapa hapa. Nimemlea huyu, nimemchapa, nimemwombea kwa kufunga. Mungu, mpe kijana huyu haraka hata kidogo. Nikachoka kuomba." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Kumbe aliipata, ila hakuileta nyumbani."

Akaingiza vidole kwenye glasi, akatoa kipande cha barafu, akakiweka katikati ya kiganja. Maji yalianza kupita katikati ya vidole vyake, yakadondoka kwenye gauni.

"Inauma," alisema.

"Inauma kwanza, kisha inazoeleka," nikamwambia.

"Ile ya mwaka ule sikuigusa. Niliiogopa. Huyu ndiye aliyetambaa mpaka uani, akaitia mdomoni, Mama akaitoa na kidole. Akamwambia, usile hasira ya Mungu." Akamtazama Barasa, na nikaona macho ya mama katika uso wa dada. "Hukusikia. Ukaenda ukaajiriwa nayo."

Barasa alichutama karibu na magoti yake, mtu mzima yule, mrefu yule. "Dada, sijakuletea hasira ya mtu. Nilitaka uonje kitu kinachonifurahisha. Sikufikiri habari ya matanga. Kosa ni langu, si lake. Yeye alikataa."

"Alikataa?"

"Alisema si chai ya mkwe. Nikamlazimisha."

Nafuna akanigeukia. "Basi una akili kuliko yeye. Hiyo ni afadhali, maana mmoja lazima awe nayo." Kisha uso ukatulia. "Nikuulize jambo, na usinifiche. Mtoto?"

"Mungu hakutupa."

"Huyu umemwambia?"

"Aliniambia kabla sijamwambia ninapotoka," Barasa akasema. "Alitaka niende zangu mapema, nisipoteze barafu."

"Sikukuuliza wewe." Lakini alisema kwa upole. Akakaa akitazama maji kwenye kiganja chake mpaka barafu ikawa imekwisha kabisa. "Hilo la mtoto siwezi kulisemea. Mimi mwenyewe sikuzaa, na huyu hapa ananiita mama akiwa na homa. Hilo tumwachie Mungu."

Akapangusa mkono.

"Mume wako aliitwa nani?"

Nilishtuka. Tangu nilipomzika, watu walikuwa wameniuliza alikufa na nini, aliacha nini, ndugu zake wanasemaje. Jina hakuna aliyelitaka. Wenzangu waliliogopa, kana kwamba kulitaja ni kumfungulia mlango arudi. Barasa mwenyewe, kwa heshima yake yote, alikuwa akisema "marehemu" na kutazama pembeni.

"Jeconia," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Alikuwa fundi wa mashine kule kwenye kiwanda cha kahawa. Homa ya mapafu ilimchukua."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mpole. Alikuwa akiimba sauti ya chini kanisani. Hakunipiga hata siku moja."

"Hakukupiga."

"Hata siku moja, dada."

Nafuna akaitikia kwa kichwa polepole. Akaweka kikapu chini ya kiti. Akaichukua glasi kwa mikono miwili, na safari hii hakutazama ndani.

"Haya, tuombe," alisema. "Sisi kwetu, kanisa la Marafiki, tunaanza kwa kunyamaza. Mnivumilie."

Tulinyamaza. Nje, watoto wa kambi walikuwa wanagombania tairi. Mtu fulani alikuwa anapiga pasi akiimba. Nilisikia Barasa akipumua upande wangu wa kulia, na nilikuwa sijui bado kama ninapewa au ninanyimwa, maana mtu anaweza kuomba vizuri kisha akakataa vizuri.

Kisha Nafuna akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa ameniulizia habari ya maziwa:

"Bwana, tunakushukuru kwa chai hii tusiyoijua. Tunakushukuru kwa njia ya kutoka Thika. Tunakushukuru kwa ndugu yangu, uliyemfundisha kukimbia ukiwa umechelewa. Na tunakushukuru kwa Jeconia. Sisi hatukumwona. Lakini alitutunzia huyu wifi yetu vizuri, hakumvunja, akatuachia akiwa mzima. Mlaze pema. Tusaidie nasi tumtunze jinsi alivyomtunza yeye."

Machozi niliyokuwa nimeyazuia mbele ya neno "mjane" yalikuja mbele ya jina hilo, yakaja mengi, na sikuyafuta kwa sababu macho yote yalikuwa yamefumbwa na Mungu alikuwa anajua. Sikuwa nimefikiri kwamba inawezekana. Nilifikiri mwanamke akiingia nyumba ya pili lazima aiache ya kwanza mlangoni kama viatu. Na huyu mwanamke mwenye vumbi la Kimilili alikuwa amemwita Jeconia ndani, akampa kiti, akamshukuru.

"Amina," Nafuna alisema.

Nilifungua mdomo niitikie, na nikasikia Barasa ameshanitangulia.

"Amina," alisema. Na baada yake, polepole, kama mtu anayejifunza kulitamka: "Asante, Jeconia."